Kobe Si Shahidi wa Maji

Fundi Belaid alitoka kisimani na hasira mpaka akasahau kusalimu. Kwanza ilitokeza kofia yake ya sufi, halafu masikio, halafu mkono wa kushoto ulioshika kopo, na wanawake waliokuwa wakingoja ukingoni na madumu yao wakatazamana. Huyu ni mtu ambaye hata akivunjika mguu atakuulizia kwanza afya ya punda wako.

"Tangu juzi mmeyaonaje maji haya?" akafoka.

"Tumeyaona mabichi," akajibu Tuda, mjane mwenye mashamba mawili ya mizeituni na ulimi mmoja unaotosha kijiji kizima. "Ulitaka yaweje, Fundi, makavu?"

"Sina mzaha nawe, Tuda."

"Nani kakuletea mzaha? Sema, Masuda yuko?"

"Yuko."

"Mzima?"

"Mzima, mnene, na kaninyea mguuni."

"Alhamdulillahi! Basi ondoa hayo matope yako hapo tuteke maji, watu hawajanywa chai."

Masuda alikuwa kobe. Huku kwetu Haouz, uwanda wa chini ya milima, kisima kikimalizwa kuchimbwa, mwenyewe hushuka mtoni, akakamata kobe wa maji, akamteremsha kwa kapu huku akisoma bismillahi. Kobe anakula mabuu na uchafu, na watu wanalala usingizi. Akionekana anaelea na kupiga miguu, maji ni mazuri. Siku akionekana kalala chali, kijiji kinatafuta kisima kingine. Ndivyo walivyofanya babu zetu, na hajatokea mtu wa kumhoji kobe. Kijiji cha Ait Buzmur kilikuwa na Masuda kwa miaka kumi na saba, na nakwambia, kuna wakuu wa wilaya waliopewa heshima ndogo kuliko yeye.

Belaid akalisogeza kopo mpaka chini ya pua ya Tuda. Ndani mlikuwa na kipande cha ini kilichogeuka rangi, na juu ya ini vijinyoo sita vyekundu vikijinyonganyonga kama nyuzi zilizotiwa shetani.

"Hawa hawajawahi kukaa kwenye kisima hiki," akasema. "Na wenyeji hawamo. Kopo nimeliacha chini kutwa kucha. Zamani ningevuta thelathini, arubaini. Leo hakuna hata mmoja."

"Wenyeji gani? Wale chawa wako weupe?" Tuda akageuka kwa wenzake. "Jamani, tumpe pole Fundi, chawa wake wamehama!"

Wakacheka mpaka madumu yakagongana. Belaid akayaangalia yale madumu yakishuka na kupanda, yakijaa maji safi ya kung'aa, yasiyo na harufu wala rangi, na akahisi hasira inampanda kutoka magotini, mahali ambapo miaka arubaini na minne ya visima imemwachia maumivu ya kutosha.

Sasa na wewe unayesoma, na glasi yako ya maji hapo mezani, usiwahi kucheka. Huko chini, kwenye kokoto na mchanga unaobeba maji, wanaishi viumbe. Wadogo, kama punje ya mchele, weupe mpaka unaona chakula tumboni mwao. Macho hawana, kwani wataona nini kwenye giza hilo? Wengine wana umbo la wale wadudu wa chini ya jiwe wanaojikunja, wengine ni kama kamba wa baharini aliyesahaulika kwenye sabuni. Kisima si nyumba yao. Kisima ni dirisha tu, nyumba yao ni ardhi yote ya chini, kutoka miguuni mwa milima mpaka bondeni. Baba yake Belaid, marehemu Hammu, ndiye aliyewaita wenyeji. "Sisi tumepiga hodi tu," alikuwa akisema. "Waliomo ndani ni hawa."

Belaid mwenyewe hakuzaliwa na akili hiyo. Akiwa na miaka kumi na tisa aliitwa kusafisha kisima cha mke wa mfanyabiashara mmoja, mama wa kujipodoa, aliyeona kitu cheupe kinatembea kwenye gudulia lake akapiga yowe hadi barabarani. "Waue wote," akasema. Belaid akashuka na mfuko mzima wa chokaa, akawaua wote, akapanda akijiona daktari. Baba yake alipopata habari alimpiga kofi mbele ya wateja, kisha akamlazimisha ashuke tena, achote maziwa yale ya chokaa kwa ndoo, siku nane, mpaka mikono ikababuka. "Umeua walinzi kwa kuwa hawana sura nzuri," mzee akamwambia. Mwaka uliofuata kisima kile kilianza kunuka mayai viza, na yule mama akahamia mjini.

Baadaye, Belaid akiwa mtu mzima, alikuja msomi mmoja wa kike kutoka chuo kikuu, na viatu vya mpira na madaftari, akamchukua msimu mzima wazungukie visima. Alikuwa akihesabu wenyeji mmoja mmoja kama anayegawa urithi. Alimwambia kwamba mababu za wadudu hawa walikuwa wa baharini, bahari ikaondoka, wao wakabaki chini. Belaid alicheka siku tatu. Lakini mengine aliyosema hakuyacheka: kwamba wanavuta hewa iliyomo ndani ya maji, kwamba wanazaa watoto wachache na kwa taabu, na kwamba uchafu wenye kuoza ukiingia huko chini unaila ile hewa, wao wakafa kwanza, kabla ulimi wa binadamu haujajua lolote. Halafu wanakuja wale wekundu, wanaopenda uozo.

"Hayo baba yangu alinifundisha bila daftari," Belaid alimjibu, na hakuona haya kusema hivyo, kwa sababu ni kweli.

Basi siku ile ya Januari alifika nyumbani na kopo lake, na mkewe Ijja akamwona tu usoni.

"Nani kafa?"

"Wenyeji wa kisima cha kijiji."

"Mungu awarehemu. Na lile ini lililokuwa kwenye sahani?"

"Nimetumia kidogo."

"Kidogo! Ini la kondoo mzima umewapa wadudu, mimi nikupikie nini, kamba ya ndoo?" Lakini alipoona hacheki, akakaa karibu yake. "Ni vibaya kweli?"

"Ijja, mjukuu wako ana miezi minne na anachanganyiwa maziwa kwa maji yale."

Ijja akainuka, akamwaga birika, akaenda jikoni akakata ini lililobaki vipande vinne.

Maji ya chini huku kwetu yanatembea kutoka milimani kuelekea kaskazini, polepole, kama mzee anayetoka msikitini. Kwa hiyo Belaid akapanda kinyume chake, kuelekea mlimani, akitega kopo kwenye kila kisima cha njiani. Cha kwanza juu ya kijiji: minyoo myekundu, mingi zaidi. Cha pili: hakuna chochote, wala wekundu, na ini lilitoka na utando mweusi wenye kuteleza. Kutoka hapo mpaka kisima cha mwisho, kile cha shamba la lozi, kuna kitu kimoja tu njiani, nacho ni kinu cha zeituni cha Haji Tahar. Akapita kinu, akatega kwenye shamba la lozi. Kesho yake alipovuta kamba, kopo lilikuwa linachemka kwa weupe. Wenyeji hamsini na zaidi, wamelivamia ini kama wageni wa harusi.

Alikaa chini ya mlozi, akawatazama, machozi yakamtoka. Yalikuwa ya hasira, tusielewane vibaya.

Haji Tahar alimpokea kinuni kwa mikono miwili. Ni mtu wa kukukumbatia kabla hujasema shida yako, ili ukiisema ionekane huna adabu. Kinu kilikuwa kinanguruma, magunia yamepangwa mpaka nje, hewa nzito kwa harufu ya zeituni zilizosagwa.

"Fundi! Kaa, kaa. Mleteeni mkate wa moto na mafuta mapya, huyu ni baba yetu."

"Sikuja kula, Haji. Maji meusi unayapeleka wapi?"

Unapokamua zeituni, mafuta ni kidogo. Kinachobaki ni maji meusi kama kahawa ya matanga, machungu, yanayoua hata magugu. Kila mwenye kinu anatakiwa ayaweke bwawani, jua liyakaushe.

"Bwawani," Haji akasema. "Si unaliona lile?"

Belaid aliliona. Lilikuwa limepasuka katikati na mbuzi wawili walikuwa wamelala ndani yake, wakavu kabisa.

"Mbuzi wako wanaogelea vizuri," akasema.

Akazunguka nyuma ya kinu bila kuomba ruhusa. Haji akamfuata akicheka, akimshika bega, akisema mambo ya mvua na bei. Nyuma ya ukuta, chini ya mabati matatu na matawi ya kuficha, mpira mnene wa maji ulikuwa unaingia ardhini. Belaid akasukuma bati kwa mguu. Kulikuwa na shimo. Akainama aangalie.

Alizijua zile hatua. Vile vishimo vya kuwekea miguu vilivyochongwa ukutani, vikianzia upande wa kushoto, kwa sababu aliyevichonga anashika sururu kwa kushoto. Pima kumi na nne kwenda chini. Kisima hiki alikichimba mwenyewe, miaka ishirini na mbili iliyopita, mwaka wa ukame, kwa ajili ya baba yake Haji. Maji yalipatikana kidogo, kisha yakashuka, wakakiacha.

"Unakikumbuka?" Haji akauliza, sauti yake ikiwa laini kama mafuta yake. "Marehemu baba alikuomba ukifukie. Alikuomba mara mbili, mimi nilikuwepo. Ukamwambiaje?"

Belaid alikumbuka vizuri alivyomwambia. Wachimba visima wa huku kwetu hawafukii kisima. Ni mwiko wao tangu zamani; anayefukia kisima, wanasema, anayafukia maji yakiwa hai, na riziki yake itaondoka nayo. Baba yake hakuwahi, babu yake hakuwahi. Alimwambia mzee wa watu, kwa kiburi cha fundi: "Tafuta mchimba makaburi."

"Basi mimi nimekitafutia kazi," Haji akasema. "Kwa nini kikae bure?"

Ni bahati ya Haji kwamba Belaid alikuwa na miaka sitini na tatu na si thelathini. Alimshika ukosi wa jalaba, akamsogeza mpaka ukingoni mwa shimo, wakawa wanavuta harufu ile pamoja, pua kwa pua.

"Toa mpira huo leo."

"Ni msimu, Fundi. Zeituni za kijiji kizima zinakamuliwa hapa. Za Tuda, za Mkuu Madani, hata magunia sita ya mke wako. Nikisimama, nani anakamua?" Akajitoa mikononi mwake taratibu, akanyoosha nguo. "Na kisima cha kijiji kina nini? Maji yananuka? Hayanuki. Mtu kaumwa? Hajaumwa. Kobe yuko hai au hayuko?"

Belaid akaondoka. Hakuaga.

Siku ya Alhamisi asubuhi alifanya mambo mawili ambayo mwenyewe alikuwa anayaona ya kitoto, lakini mtu mwenye hasira ya kweli haoni haya. Alichukua mitungi miwili ya vioo, ile ya Ijja ya kuwekea ndimu za chumvi, mmoja akaujaza maji ya shamba la lozi, wa pili maji ya kisima cha kijiji. Kila mmoja akatia wenyeji kumi aliowavua shamba la lozi. Akaipeleka msikitini kwa Imamu Yazid, mtu mkimya, asiyependa ugomvi wala mlango uliolegea.

"Ifungie kwenye chumba cha majeneza," Belaid akamwambia, "na ufunguo ukae mfukoni mwako mpaka kesho baada ya swala. Na hii ndoo pia."

"Ndoo ina nini?"

"Ina ushahidi."

"Mbona unakwaruza huo ushahidi?"

"Imamu, wewe funga tu."

Asubuhi ya Ijumaa ikaanza kwa kelele kisimani. Masuda hayupo! Wanawake walimulika kwa vioo, wakaita, wakatupa majani ya figili, hakuna kitu. Mpaka adhana inapigwa, habari ilikuwa imefika vijiji vitatu, na Haji Tahar akaja msikitini mapema na uso wa mfiwa.

Baada ya swala wanaume walibaki uwanjani, na wanawake, ambao kwa kawaida siku hiyo wako jikoni na couscous, walisimama ukutani, Tuda mbele yao. Mkuu Madani, aliyekuwa akiliongoza baraza la kijiji kwa kukubaliana na aliyezungumza mwisho, akamruhusu Belaid aseme.

Akasema yote. Makopo, visima vya njiani, mpira, shimo. Imamu akatoa mitungi. Watu wakasogea, wakasukumana. Kwenye mtungi wa shamba la lozi wenyeji walikuwa wanatembea juu ya kokoto, kumi kamili. Kwenye mtungi wa kisima cha kijiji walikuwa wamelala chini, wamekuwa kama vipande vya kucha zilizokatwa.

"Haya ndiyo mnayochanganyia watoto maziwa," Belaid akasema.

"Wadudu wamekufa," Haji akasema, akitazama huku na huku. "Si jambo jema wadudu wafe? Mimi nikimwona mdudu kwenye glasi yangu namuua." Baadhi wakacheka. "Na nani ajuaye alitia nini humo?"

"Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu," akasema Imamu Yazid. Akanyamaza, maana kwake hiyo ilikuwa hotuba.

"Sawa, Imamu, hakuna anayekusema wewe. Lakini ndugu zangu, tangu lini tunapima maji kwa chawa? Babu zetu walituachia kobe. Masuda alikuwa mzima mpaka juzi, Fundi mwenyewe kamwona! Leo hayupo. Kwa nini hayupo? Kwa sababu kuna mtu alijua kwamba Masuda atamuumbua, akaja akamwiba!"

"Ndiyo," Belaid akasema. "Nimemwiba."

Uwanja ukalipuka. Tuda alimwita mwizi wa mayatima. Belaid akaivuta ile ndoo, akafunua kitambaa, na harufu ikawafikia kabla ya maneno. Ndani yalikuwa maji meusi matupu, yaliyochotwa kwenye mdomo wa mpira wa Haji, bila tone la kuchanganya. Wote wakayaona yakitikisika. Kisha kichwa kikatokeza, cha kijani na mistari ya njano, matundu mawili ya pua juu, kikavuta hewa, kikawatazama watu wa Ait Buzmur kama kinachowadai chakula.

"Masuda!" Tuda akalia.

"Tangu jana asubuhi yumo humu," Belaid akasema, na sasa hasira ilikuwa imefika kooni. "Yu hai. Anataka figili. Kwa sababu anavuta hewa hii hii ninayovuta mimi, kwa pua, huku juu. Maji kwake ni kitanda. Mtamweka kwenye mkojo wa ngamia ataishi, mtamweka kwenye sumu ya Haji ataishi. Na nyinyi mnamwangalia yeye! Miaka yote mnamwangalia yeye! Wale wanaovuta maji yenyewe, waliozaliwa humo, wamekufa wote chini ya miguu yenu, na mnaniita mzee wa chawa. Haji, wewe ndiye uliyesema kobe ni shahidi. Shahidi wako huyo hapo. Chukua bakuli, unywe naye."

Haji hakusogea. Watu walianza kumtazama kwa namna nyingine. Lakini hakuwa mtu wa kuanguka peke yake.

"Nitanywa," akasema taratibu, "Fundi akishawaambia shimo lile alichimba nani."

Akamgeukia Belaid.

"Waambie, baba. Waambie marehemu alikuomba mara ngapi ulifukie, na ulimwambia nini."

Belaid alimtafuta Ijja kwa macho, akamwona ukutani, mtandio umeshikwa kwa meno. Hakuna aliyekuwa anajua, hata yeye. Angeweza kusema ni uongo. Waliokuwepo siku ile wamekufa wote isipokuwa Haji. Akaona mitungi miwili ya ndimu juu ya ngazi ya msikiti.

"Nimelichimba mimi," akasema. "Nikaambiwa nilifukie, nikakataa, nikaona ni aibu kwa fundi. Kama ningelifukia, huyu leo asingekuwa na mlango wa kwenda chini. Nimewafungulia mlango mimi, yeye akaingiza mavi. Nisemeni mimi pia. Lakini mpira utoke leo."

Mkuu Madani akakohoa, akasema jambo hili linahitaji tume, na busara, na kusubiri msimu uishe. Hakumaliza, kwa sababu Tuda alikuwa amekwisha kuondoka. Alipita katikati ya wanaume, akachukua ndoo yenye Masuda kutoka mikononi mwa Belaid bila kumtazama, akamkabidhi Ijja, kisha akaelekea barabara ya kinu.

"Wapi, Tuda?" mtu akauliza.

"Kuchukua zeituni zangu. Gunia ishirini na tatu. Nitazikanyaga kwa miguu kama mamangu, mafuta yatoke machungu, lakini kwake hazikamuliwi." Akageuka. "Na wewe, Fundi, na visima vyako, ni kitu kimoja na Haji. Usidhani nimekusahau."

Wanawake wakamfuata. Kufika alasiri kulikuwa na punda kumi na wanane mlangoni kwa kinu, kila mmoja akipakiwa gunia, na mashine ikinguruma bila kitu mdomoni. Haji alitoka, akasimama mbele yao, akaapa, akabembeleza, akamtaja baba yake. Ijja alipopakia gunia lake la sita, Haji akaingia ndani na kuzima mashine. Kesho yake mafundi wake walikuwa wanaziba ufa wa bwawa na mbuzi wamefukuzwa. Mpira ulivutwa ukalazwa barabarani kila mtu auone.

Ungetaka niishie hapo, sivyo? Watu wakumbatiane, wale tende. Lakini mpira kutoka hakuufufui mji wa chini. Belaid alikwenda kwa Imamu, akamwomba awatangazie kwamba kisima cha kijiji ni cha kufulia na kunyweshea mifugo tu, si cha kunywa wala kuchanganyia maziwa, mpaka yeye aseme. Kuanzia hapo wanawake wa Ait Buzmur walipanda na punda mpaka shamba la lozi, mwendo wa saa moja kwenda na saa moja kurudi, na kila mmoja aliyempita Belaid njiani alikuwa na neno la kumwachia.

Yeye alikuwa pale pale, nyuma ya kinu. Anafukia.

Hakuna aliyemtuma. Kwanza alichota ule uji mweusi wa chini kwa ndoo na kuumwaga bwawani, siku saba, akashuka mwenyewe kwa zile hatua zake za kushoto, kitambaa puani, akipanda kila mara kutapika. Halafu udongo wa mfinyanzi, tabaka kwa tabaka, akiushindilia kwa gogo ili mvua isipate njia. Halafu mawe. Mafundi wa visima wenzake walikuja kutoka vijiji vingine, wakasimama kwa mbali, wakamwambia anatia mkosi kazi yao yote. Mmoja, kijana wa miaka arubaini aliyejifunza kwake, alimwambia hatamwalika tena kwenye kisima kipya chochote.

"Vizuri," Belaid akajibu. "Utakachokichimba na kukiacha wazi, nitakuja kukifukia na wewe ukiwa ndani."

Siku ya kumi na tisa alikuwa amebakiza kama pima mbili. Haji Tahar akatoka na birika la chai ya nanaa na bilauri mbili, akaziweka juu ya ukuta.

"Yamekwisha, Fundi. Kunywa chai tusameheane."

"Maji umeyatoa wapi?"

Haji akaliangalia birika. "Shamba la lozi," akasema.

Belaid akainama, akachukua jiwe jingine.

Tuda naye akapita na punda wake, madumu manne yanadondosha maji, akamsimamisha. Alikuwa amechoka, vumbi mpaka kwenye kope. Masuda alikuwa kwake sasa, kwenye beseni uani, na anamlisha figili, maana hata kama si shahidi ni mtu wa nyumbani.

"Ulishuka jana kisimani kwetu?"

"Nilishuka."

"Wapo?"

"Hawapo. Wala wekundu hawajapungua."

"Watarudi lini?"

Belaid alijua jibu. Yule msomi aliwahi kumwambia, viumbe wanaozaa hivyo, wanaotembea hatua moja kwa siku kwenye kokoto, huchukua miaka mingi kurudi. Alihesabu kichwani njia ya kutoka shamba la lozi mpaka kijijini, akaangalia mikono yake, akapata hasira upya, kama mtu aliyetukanwa sasa hivi.

"Mjukuu wangu akioa, mwambie ashushe kopo," akasema.

"Mungu akulaani, Belaid," akasema Tuda, si kwa sauti kubwa. Akampiga punda, akaondoka na maji yake.

"Amina," akasema Belaid. Akalitupa jiwe shimoni, akasikiliza lilivyotua, karibu sasa, akachukua jingine.